Nusu ya Ekari

Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi mkoani Mwanza. Asubuhi nilifundisha watoto, jioni wazazi wao. Wazazi tuliwapangia ghala la chama cha ushirika, ambalo lilikuwa tupu mpaka msimu wa kununua pamba.

Kusoma hakukuwasumbua sana, kwani vitabu vya kisomo vilihusu palizi, dawa ya wadudu na mizani, mambo wanayoyaishi. Tabu ilianza kwenye hesabu za shamba. Ukiwauliza watoto wa darasa la tano eneo ni nini, waliimba kwa pamoja: urefu mara upana! Wazee hawakuridhika na wimbo. Walitaka kujua hicho kinachopatikana baada ya kuzidisha ni kitu gani.

Bwana shamba alikuwa amewazoesha kwamba ekari ni hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho kilikuwa kizuri: hatua ikiwa yadi moja, unapata yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni 4,840. Jioni moja mama mmoja mjane akasimama na shauri lake. Shemeji yake alimwahidi nusu ekari, akampimia hatua 35 kwa 35. Shemeji mwenyewe alikuwamo darasani, na hakuwa mdanganyifu. Sabini nimeikata nusu huku na huku, alisema, mnataka nini tena? Wanaume wengi wakaona amesema kweli.

Tulitoka na kamba ya katani na vigingi hadi kwenye konde lililolala nyuma ya ghala. Tukapima ekari nzima, kisha kile kipande cha mama kwenye pembe moja. Sikusema neno. Mama akaishika kamba mwenyewe, akapima kingine kando yake, kingine, na kingine, ndipo ekari ikajaa.

"Mwalimu, vimeingia vinne. Mimi nimepewa robo."

Shemeji alivizunguka vile vigingi kimya, kisha akauliza nusu iko wapi. Wakaipima pamoja: 70 kwa 35.

Mzee mmoja hapo akaleta hoja yake. Kwake yeye, mashamba mawili ukiyazunguka kwa hatua sawa, basi yako sawa. Tukapima moja la 60 kwa 60, na jingine la 100 kwa 20. Kuzunguka kila moja ni hatua 240, lakini la kwanza lina viraba 3,600, la pili 2,000. Alituma watu wahesabu upya. Mwishowe akasema mzingo utamwambia akate miba kiasi gani ya kuzuia ng'ombe, na eneo litamwambia aombe mbegu kiasi gani. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijakuta kitabu kilichoyatenganisha maneno hayo vizuri kuliko hivyo.

Mama alikamilishiwa nusu ekari yake kabla ya mvua za kupandia. Baada ya mavuno alikuja na swali jipya. Alikuwa amesikia wakitaja wastani wa mavuno ya pamba kwa ekari, akataka kujua shamba hilo la wastani ni la nani, aende akalione. Swali hilo tulilijadili jioni nyingi.