Mtamba Mmoja

Kisigino cha kushoto cha katambuga yake kilikuwa kimelika upande wa nje. Ndivyo nilivyomjua kaka yangu vumbini. Njia ya kutoka hapa Piyaya kwenda lamboni hupitwa na watu, ng'ombe, punda na mbuzi, na wakati wa mvua hata nyumbu wa Serengeti huikatiza. Hata hivyo asubuhi yoyote ningeweza kuinama na kuonyesha kwa kidole: hapa alipita yeye. Kulia mistari ya tairi ilikuwa kamili, kushoto imefutika nusu. Siku tatu baada ya kumzika, mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilisimama mlangoni nikaitazama njia. Ilikuwa laini kama uso wa uji uliopoa.

Kwetu Wamaasai jina la marehemu halitajwi, nami sitalitaja hapa.

Nilianza kutembea naye miaka miwili kabla ya hapo. Mhudumu wa zahanati alinifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akapampu, akasoma, kisha akarudia bila kusema neno. Presha ilikuwa juu. Aliniambia nipunguze chumvi, sukari na mafuta, na nitembee. Kaka alipopata habari hakunihurumia. "Mdogo wangu," alisema, "hiyo si dawa mpya. Uliacha kutembea siku ulipopewa kiti." Kiti alichokisema ni cha ualimu. Kesho yake alfajiri alikuja akakohoa nje ya dirisha langu, akasubiri. Hakubisha hodi wala hakuita. Alikohoa tu, kama mtu aliyekuwa akipita, mpaka nikatoka.

Tukawa tunakwenda mpaka lamboni na kurudi kabla ya kengele ya shule. Njiani hatukuzungumza sana. Tulihesabu ndama, tukatazama mawingu juu ya Milima ya Gol. Nyumbani nilirudi kwenye maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, yale yenye harufu ya moshi niliyokua nayo, na chai ikawa kikombe kimoja kisicho na sukari. Baada ya miezi kadhaa nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu kwa msumari wa moto.

Kisha akafa, kwa ugonjwa wa siku chache.

Msibani hukatai kikombe. Kila anayekuja kukupa pole mnakunywa pamoja, na chai ya msiba ni tamu, kana kwamba utamu utafika pale maneno yasipofika. Wageni waliondoka, chai ikabaki. Nikaongeza mandazi ya mchana, kisha soda ya jioni. Alfajiri niliamka saa ile ile, nikalala macho wazi nikisikiliza dirisha. Hakuna aliyekohoa. Miguu yangu ilinyamaza kama ulimi wangu ulivyonyamaza juu ya jina lake. Mkanda ukaliacha lile tundu la msumari, ukarudi kwenye la zamani, ukapita na hilo.

Watu huuita uvivu. Mimi nimeufikiria sana, na naamini haukuwa uvivu. Uvivu haulii. Aliyekufa alikuwa kaka yangu, lakini alikuwa pia asubuhi yangu, kiasi cha sukari yangu, na sababu ya kuvaa viatu. Anapoondoka mtu wa namna hiyo, unazika na yote aliyokuwa ameyashikilia, na hakuna anayekuja kukupa pole kwa hayo. Juu ya huzuni inakuja aibu. Mtu aliyekuwa akienda hadi lamboni na kurudi anaona haya kuonekana akiishia kwenye mti wa kwanza. Basi anasema ataanza Jumatatu, nguvu zikirudi. Jumatatu zikapita nyingi.

Nafundisha sayansi, na yaliyoandikwa kuhusu miili yetu nayajua. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walikuja kuwapima Wamaasai wa Tanganyika, wakishangaa jinsi watu wa maziwa na nyama walivyokuwa na lehemu ndogo katika damu. Mwaka 2010 Julia Mbalilaki na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha Wamaasai, Watanzania wengine wa vijijini na wale wa mjini. Wamaasai walikuwa wakitumia kilokalori 2,565 kwa siku juu ya zile ambazo mwili unazihitaji ukiwa umepumzika. Watu wa mjini walitumia 891. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza nilijivuna. Nilipoisoma tena baada ya msiba, niliona kwamba mimi, ninayeishi Piyaya, nilikuwa nimehamia mjini bila kupanda gari. Lakini kujua hakukunitoa kitandani.

Kilichonitoa ni kumbukumbu ya ukame wa mwaka 2009. Mwaka ule baba yetu aliwaangalia ng'ombe wake wakiisha mmoja mmoja, akabaki na fimbo. Mvua iliporudi, majani yakaota na hakukuwa na wa kuyala. Alikaa nje ya boma siku nyingi, shuka kichwani. Ndipo wazee wa ukoo walipokutana. Desturi hiyo tunaiita ewoloto: mtu wa ukoo akifilisika kwa ukame au maradhi ya mifugo, wenzake humchangia ili aanze upya. Huyu alitoa mtamba, yule kondoo, mwingine mbuzi mwenye mimba. Wala hawakumsubiri baba apate moyo ndipo wampe. Walileta mifugo mlangoni, na mifugo haijui majonzi: jioni inataka kufungiwa, asubuhi inataka maji. Baba aliinuka kwa sababu mtamba alikuwa na kiu.

Na mtamba hana maziwa. Asubiri kupandwa, abebe mimba miezi tisa, azae, ndipo kibuyu kilowe. Miezi yote hiyo unamchunga kwa imani. Sikumsikia baba hata siku moja akimlaumu mtamba wake kwa kutokuwa kundi la zamani.

Ninaye mtu wa rika langu ambaye zamani alinipa ndama jike. Tangu siku hiyo hatuitani kwa majina. Mimi namwita Pashe, naye ananiita Pashe, maana kwetu zawadi ya mfugo huwa jina la aliyetoa na la aliyepokea. Alfajiri moja alisimama dirishani. "Pashe," aliita, "nisindikize mpaka kwenye mti." Hakusema lamboni. Ule mti uko umbali ambao mtoto angeufikia kabla chai haijapoa. Tulifika, tukasimama, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, tukarudi.

Safari hiyo fupi ndiyo iliyokuwa mtamba wangu. Kesho yake mti tena. Wiki iliyofuata tuliuvuka. Kijiko kimoja cha sukari kilitoka kikombeni, baada ya muda kikatoka cha pili. Siku nyingine sikutoka kabisa. Zamani siku moja ya kukosa ingenitosha kusema yote yameharibika. Sasa nilikumbuka utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, waliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Kwa wastani zoea lilichukua siku 66 kukaa, kwa wengine siku 18, kwa wengine lingefika 254, na kukosa mara moja hakukuvunja lililokwisha kujengwa. Wahenga walikwisha sema kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Kundi halimaliziki kwa sababu ndama mmoja amelala nje.

Nilidhani hamu ndiyo inayotangulia, miguu ikafuata. Nimeona kinyume chake. Miguu hutangulia kwa uchungu, na hamu huja nyuma polepole, kama ng'ombe aliyezaa jana. Nilidhani pia kwamba kurudi njiani ni kumsahau. Kumbe kila nikikanyaga njia ile namtaja, kwa namna ambayo mila haikatazi.

Ewoloto si mkopo. Hakuna anayekuja kudai mtamba wake. Lakini akifilisika mwingine, wewe uliyeinuliwa hupaswi kukaa umekunja mikono. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu alifiwa na mama yake. Nimeona anavyokaa ofisini wakati wa mapumziko, mandazi mbele yake, macho ukutani. Leo alfajiri nilikwenda mpaka chini ya dirisha lake. Nikakohoa, nikasubiri. Kimya. Nikakohoa tena, nikasikia komeo la mlango likifunguliwa.