Tarakimu mbili nilizozigeuza, na swali la programu za biashara

Mwezi huu wenye maduka watatu wameniuliza swali lile lile: "Bwana shamba, hizi programu za simu za kutunza hesabu zinafaa, au ni njia nyingine ya kutuibia?" Nitajibu. Ila nianze na jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa, kwa sababu linahusu programu na kosa lilikuwa langu.

Msimu mmoja nilikuwa namsaidia karani wa chama cha msingi kuingiza taarifa za wanachama kwenye mfumo. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo mchana niliandika kila kitu kwenye daftari: jina, namba ya kitambulisho, simu, akaunti ya benki. Usiku nikaviingiza kwenye kishikwambi. Akaunti ya bibi mmoja iliishia na 47, mimi nikaandika 74. Nilibonyeza, ikakubali, nikaendelea na anayefuata.

Bibi alipeleka korosho kilo 214, daraja la kwanza, akapewa risiti. Mnada ukapita na majirani wakalipwa. Yeye akaenda benki mjini Mtwara mara mbili kwa nauli ya kukopa, akaambiwa hakuna kitu. Fedha zake zilikuwa zimegonga akaunti isiyolingana na jina na kurudi zilikotoka, lakini sisi hatukujua. Kusubiri kulichukua wiki tano. Katikati ya hizo wiki, shule zilikuwa zinafunguliwa na mjukuu hakuwa na sare. Bibi alikuwa na gunia moja nyumbani, akaliuza kwa kangomba, karibu nusu ya bei ya mnada.

Mimi ndiye nilikuwa nasimama kwenye mikutano kila mwaka kuwakataza watu kuuza kangomba. Nilipokwenda kwake na kumwamkia, aliitikia marahaba, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, mimi nimeziona zikipimwa kwa macho yangu. Sasa hiyo simu yako ilipima nini?" Sikuwa na jibu. Kilichotuokoa ni ile risiti ya karatasi aliyoihifadhi, pamoja na kadi yake ya benki. Tuliviweka pamoja na orodha ya mfumo, tukasoma namba moja moja, kosa likaonekana.

Tangu siku hiyo natazama mifumo kwa jicho jingine. Mwaka 2007 stakabadhi ghalani ilipoanza kwenye korosho, kazi ilikuwa ya makaratasi na kalamu. Leo kuna mizani ya kidijitali, kuna MUVU ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa kumbukumbu za vyama, na tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inapita kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. Halafu kuna benki. Mimi naiunga mkono kabisa mifumo hii, kwa sababu karani mdanganyifu anapata shida zaidi kuficha kilo mle kuliko kwenye daftari lenye kurasa za kuchanika. Lakini kila mfumo unapokea ulichopewa na uliotangulia. Ukianza na 74, mwisho nako itakuwa 74, tena imechapwa vizuri na kupigwa muhuri.

Sasa ndugu zangu wa madukani. Programu za biashara zinatofautiana kwa kazi. Ipo ya mauzo na stoo: ukiuza mfuko wa sukari inaupunguza, jioni inakuonyesha kilichobaki. Ipo ya hesabu, yaani mapato, matumizi na faida. Ipo ya wateja na madeni. Kampuni kubwa hununua mfumo mmoja wenye yote hayo pamoja na mishahara ya wafanyakazi, na hiyo wewe huihitaji. Lipa namba nayo ni sehemu ya familia hii, maana inakuachia kumbukumbu ya kila malipo. Leseni ya biashara siku hizi inaombwa kupitia TAUSI. Asiye na simu janja aende ofisi ya biashara ya halmashauri wamsaidie, asimpe kijana wa mtaani nywila yake.

Ukiniuliza uanze na ipi, nasema madeni. Duka la kwetu haliuawi na panya. Linauawa na mkopo wa kati ya Machi na Septemba, wakati korosho hakuna na kila mtu anasema "andika, nitalipa msimu." Ukifika Oktoba, wewe unakumbuka elfu arobaini, mteja anakumbuka elfu ishirini na tano, na undugu unaingia doa.

Ila sikilizeni kisa cha mwenye duka mmoja wa huku kwetu. Aliweka programu ya madeni ya bure, akaipenda, akaacha kuandika kwenye daftari mwezi wa sita. Mwezi wa tisa alikwenda pwani kununua samaki, simu ikamponyoka akiwa anashuka ngalawani. Programu ile ilikuwa inahifadhi kila kitu ndani ya simu ile ile. Madeni ya miezi mitatu yakazama, na wadaiwa waliojitokeza wenyewe kukiri unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuanza muulize anayekuuzia: simu ikipotea, nikiingia kwa simu nyingine nitazikuta hesabu zangu? Inafanya kazi pasipo mtandao? Baada ya mwezi wa bure nitalipa shilingi ngapi? Programu inayotaka namba ya siri ya pesa zako, iache siku hiyo hiyo. Na kila Jumamosi jioni nakili jumla ya madeni kwenye daftari, mdaiwa akiwepo asaini. Dakika kumi tu. Hata programu ya kulipia, mimi bado ningenakili.

Kwa wakulima, msimu ukikaribia, njooni tusomeane taarifa zenu chamani kabla ghala halijafunguliwa. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho na benki, si lile la utani mnaloitwa kijijini. Na makarani, tafadhali, acheni kutupia orodha za namba za vitambulisho na akaunti kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na nyinyi.

Yule bibi sasa huja mapema kuliko wote. Hufungua fundo la kanga, akatoa kadi na risiti ya mwaka jana, akanishika mkono: "Soma kwa sauti, bwana shamba." Nasoma. Nikifika kwenye arobaini na saba, ananirudisha nyuma nisome tena.