Usiku Tuliosomewa Makosa Yetu



Katika sanduku la marehemu babu tulikuta nakala ya kitabu Uwongozi, pembe zake zimeliwa na mchwa. Mwandishi wake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, tulikuwa tukimtaja kama wengi wamtajavyo: mwanachuoni wa Mombasa aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake mwaka 1947. Kumtaja tulimtaja, kumsoma hatukuwa tumemsoma.

Makala hayo yalitoka kwanza katika Sahifa, gazeti dogo alilolianzisha mwaka 1930 kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 lilifuatwa na Al-Islah. Angeweza kuandika kwa Kiarabu akasomwa na wanazuoni wenziwe. Alichagua lugha isemwayo barazani na jikoni.

Tukaazimia kusoma makala moja kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha. Usiku wa tatu tulifikia nasaha zake juu ya israfu na juu ya kughafilika na elimu. Tulinyamaza sote. Wiki ile ile tulikuwa tumekubaliana kuitoa akiba ya masomo ya binti yetu mdogo, ili arusi ya dada yake iwe na siku ya pili ya karamu.

Mjomba akasema, "Lakini watu watatuonaje?" Bibi arusi mwenyewe ndiye aliyemjibu: "Mjomba, siku moja yanitosha. Mdogo wangu asirudishwe nyumbani kwa ajili ya biriani."

Karamu ikawa ya siku moja. Waliosema walisema, na baadhi yao wangali wanasema. Haikuwa rahisi kwetu, kwani aibu ya pwani ina uzito wake. Lakini muhula ulipofunguliwa, binti yetu alikwenda skuli na ada yake kamili.

Tumezoea kulalamika kwamba wenzetu wametutangulia. Sheikh alitutaka kwanza tujitazame wenyewe, na miaka imepita bila nasaha hiyo kuchakaa. Huenda nanyi, ndugu zetu, mna kitabu kama hiki kabatini. Kifungueni, mkisome pamoja na watoto.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, aijaalie elimu yake iwe sadaka yenye kuendelea, na atupe nguvu ya kuitenda. Amin.