Mnyama wa Karatasi

Pedro Linares López, aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji mkuu wa Meksiko na kufariki dunia mwaka 1992, alikuwa fundi wa sanamu za karatasi. Nyingi katika hizo ziliundwa ili ziunguzwe. Ni desturi ya nchi hiyo katika Juma Takatifu kufanya sanamu za Yuda Iskariote, pengine zenye pembe na mkia wa ibilisi, kuzifunga fataki, na kuzilipua hadharani Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Kazi ya siku nyingi hugeuka moshi kwa dakika chache, na umati hushangilia. Mwaka ukirudi, fundi huanza tena.

Husimuliwa kwamba mwaka 1936 Linares alishikwa na maradhi makali, na katika usingizi wake aliona msitu wa viumbe wa ajabu: punda mwenye mabawa ya kipepeo, jogoo mwenye pembe za fahali, simba mwenye kichwa cha tai. Wote walipiga kelele za neno moja, *alebrijes*. Alipopona alitaka jamaa zake waone alichokiona. Maneno hayakutosha, basi akawaunda.

Hadithi hii imependwa mno, yamkini kupita kiasi. Wapo waisimuliao kana kwamba ndoto ndiyo iliyofanya kazi, na mikono ilitii tu. Walakini homa huingia nyumba nyingi, na wagonjwa huota mengi. Kukicha hawana cha kuonyesha. Linares alikuwa nacho. Pembe alikwisha kuziunda katika kichwa cha Yuda kabla ya kuziona msituni.

Matete hupasuliwa yakawa fito nyembamba, zikapindwa na kufungwa kwa uzi mpaka kiunzi kisimame. Hapa ndipo asiyejua hushindwa. Mnyama asiyekuwako duniani hana mfano wa kuigwa, lakini uzito wake ni wa kweli. Bawa likizidi upande mmoja, ataanguka kama meza mbovu. Kisha unga wa ngano hupikwa kwa maji ukawa gundi nzito mfano wa uji. Vipande vya magazeti hupakwa gundi hiyo na kubandikwa tabaka juu ya tabaka, vikaachwa vikauke. Ulimi, meno na magamba huongezwa baadaye. Rangi nyeupe hutangulia, rangi kali hufuata, na juu yake nukta na mistari midogo isiyohesabika, kazi ya kuchosha macho. Gazeti la jana, unga wa jikoni na matete: nani hawezi kuvipata?

Tofauti ni kwamba mnyama huyu hakuundwa aunguzwe. Alinunuliwa, akawekwa majumbani na katika makumbusho. Mwaka 1990 fundi wake alipewa tuzo ya taifa ya Meksiko. Wachongaji wa miti wa Oaxaca walilichukua jina hilo kwa wanyama wao, hata wageni wengine hudhani lilianzia huko. Tangu mwaka 2007 Museo de Arte Popular imeandaa maandamano ya alebrije wakubwa katika barabara za mji mkuu.

Ukoo wa Linares uliendelea na kazi hiyo, wala haukumwacha Yuda. Kiunzi ni kile kile, na gundi ni ile ile. Mmoja hupakwa rangi ili akae, mwingine hupakwa rangi ili aungue.