Tajiri Wangu Hakuuliza Bei

Ndugu msomaji, kwanza nikiri kosa. Katika sura ya nne ya riwaya yangu, ambayo imekwishakula kauntabuku mbili tangu nimalize kidato cha nne, yumo tajiri mmoja. Anaingia mahali panapouzwa magari, anaonyesha Mercedes-Benz jeusi kwa kidole, anatoa bulungutu la noti, anaondoka nalo. Sentensi moja tu! Washikaji wa maskani walisoma wakasema bomba, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Taabu ni kwamba nilikuwa sijawahi kumwona tajiri akinunua gari.

Mwaka 2024 nikapata kibarua katika yadi moja hapa Dar es Salaam. Jina lake silitaji, hata mtaa tuuache. Asubuhi naosha magari, mchana napanga makaratasi ofisini kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Mshahara wa kuzugia, lakini gari likitoka na wewe ulikuwapo, bosi anakutoa chochote.

Basi nikawaona matajiri wangu ana kwa ana. Na tajiri, bwana, anauliza bei! Mimi pale Karume, kwenye mitumba, naona haya kumrudia muuzaji kwa sababu ya mia tano. Tajiri anarudi siku nne mfululizo kwa sababu ya laki mbili, wala haoni haya hata chembe.

Nitakusimulia mmoja. Mama wa makamo, anauza vitenge kwa jumla Kariakoo. Alikuja kavaa ndala, mkoba kwapani, nyuma yake dereva wake, kijana mkimya. Wenzangu hawakumpa hata kiti. Akasema anataka Land Cruiser Prado ya mwaka 2018.

Tulikuwa nazo tatu. Ya kwanza TX ya petroli, viti vya kitambaa. Ya pili TX-L ya dizeli, viti vya ngozi. Ya tatu TZ-G, ndiyo ya juu kabisa, dizeli pia, springi za nyuma za upepo na dirisha la paani. Bosi akamvuta moja kwa moja hadi kwenye TZ-G, akabonyeza kitufe, paa likafunguka taratibu kama pazia la sinema. Hata mimi, niliyeliosha asubuhi ile, nilisisimka.

Mama akatazama juu. "Hili jua la Dar halijanitosha huko nje, niliingize na ndani kwa hela yangu?"

Bosi akacheka. Mama hakucheka. Akamuuliza dereva kuhusu zile springi za upepo. Dereva akasema zikichoka, bei yake utalia. TX-L ikampendeza kwa viti. Alitaka ngozi kwa sababu ya vumbi na wajukuu, si kwa ufahari. Dereva akanong'ona tena kwamba hii dizeli ya Kijapani ina chujio la moshi kwenye ekzosi na inanyweshwa AdBlue, hivyo itabidi waangalie wanajaza mafuta wapi. Mama akaitika kwa kichwa, akakumbuka. Nilikuja kugundua kwamba anakumbuka kila kitu.

Bei: milioni 145. Maongezi yapo, bosi akaongeza.

"Mbona juu hivyo, baba?"

"Mama yangu, ushuru! Serikali imelizidisha gari hili mara mbili."

Mama akatoa simu, akafungua kikokotoo. Akahesabu kwa sauti, mimi nikisikia nikiwa na kitambaa mkononi. Tuseme gari hadi linafika bandarini limegharimu 100. Ushuru wa forodha asilimia 25, inakuwa 125. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, na gari halijafikisha miaka 8, inakuwa 137.5. VAT asilimia 18 juu ya hiyo, 162.25. Kila kodi inampanda mwenzake mgongoni.

"Tozo ndogondogo nakuongezea," akasema. "Lakini mara mbili haifiki. Haya, tuanze upya."

Siku ile aliondoka bila kununua. Siku ya pili bosi akashuka hadi 140. Siku ya tatu mama akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: "Karatasi ya mnada wa Japani iko wapi?"

"Ilipotea, mama, wakati wa kuhama ofisi. Lakini gari ni alama 4.5, kama jipya."

Msomaji, ile karatasi nilikuwa nimeipanga mimi. Ilikuwa kwenye droo ya pili, chini ya risiti za umeme. Alama 3.5. Na kwenye ule mchoro wa gari, fenda ya mbele kulia iliandikwa XX, yaani iling'olewa ikawekwa nyingine. Si gari bovu, la hasha. Ila si 4.5.

Bosi akaitwa na simu, akatoka nje. Mama akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayeliosha. Lina nini?"

Nilifikiria kodi ya chumba. Nilimfikiria pia yule tajiri wa sura ya nne, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumdanganya kwa sababu hakuwahi kuuliza kitu. Nikasema, bila kumtazama, "Mwambie dereva alinganishe fenda ya kulia na ya kushoto."

Nilidhani atasusa aondoke. Wapi! Dereva alipiga magoti, akachungulia vichwa vya bolti, akaona rangi imekwanguka penye spana. Mama akamsubiri bosi, akamwonyesha kwa kidole kimya kimya. Halafu akanyamaza. Ule ukimya ndio sijawahi kuuandika. Bosi alizungumza peke yake kama dakika tano, na kila alipovuta pumzi bei ilishuka. Waliishia 129, matairi mapya manne juu ya bosi.

Mama alilipa kwa benki, hakukuwa na bulungutu lolote. Mimi hakunipa hata soda, wala sikumwona akinitazama tena. Jumatatu bosi akaniambia kazi imepungua. Hakutaja fenda. Alisema tu kwamba kijana anayependa kuongea akatafute redio.

Sasa naiandika upya sura ya nne. Tajiri nimemvua suti. Nimefika ukurasa wa kumi na moja, amekwishachungulia chini ya gari mara mbili, ameuliza mambo ya rangi, na kijana mwenye kitambaa amesimama pembeni. Bei bado hawajaitaja.