Gari la Njia Mbovu: Jina au Uwezo?

Watengenezaji wa magari nchini Marekani wamezoea kulitoa gari moja kubwa la familia, lenye safu tatu za viti, katika matoleo mengi. Na miongoni mwayo aghalabu huwamo moja lenye jina la porini na bei ya juu zaidi. Mpwa wangu aliyehamia huko, mwenye watoto wanne, aliniandikia: "Mjomba, hili lina uwezo zaidi, au ni pambo?" Suala hili si dogo nyumbani kwake, maana ile ziada ya bei ingetosha nauli ya watoto wawili kuja Mombasa kumwona bibi yao, ambaye hajapata kuwatia machoni.

Nilimwambia aliache jina, ainame atazame chini ya gari. Honda ilipotoa Passport TrailSport ya mwaka 2022, gari halikuinuliwa, na tairi zake zilikuwa na sura ya porini kuliko uwezo wa porini. Katika Pilot ya mwaka 2023 jina lilo hilo lilikuja na mwinuko wa inchi 1, tairi za ardhi zote na mabamba ya chuma ya kukinga tumbo la gari. (Vitini mna nyuzi za rangi ya chungwa, watoto wameshazipenda.) Walakini hata hilo halina zile gia nzito za kupandia mlima polepole. Chevrolet Tahoe Z71 inazo, na bampa yake ya mbele imekatwa ili pua isigonge mwinuko.

Kabla ya njia ya Garsen kwenda Lamu kutiwa lami, niliona magari makubwa ya fahari yakizama katika udongo mweusi, ilhali pikapu kuukuu yenye tairi za meno yapita. Fauka ya hayo, gari la safu tatu ni refu, na tumbo lake hugota juu ya tuta. Hakuna toleo linalolifupisha. Wapakie watu saba na mizigo, springi zitalala, na ile inchi iliyonunuliwa huenda ikapotea.

Njia ya mpwa wangu ni changarawe kavu iendayo ziwani. Toleo la kawaida lingemtosha, na akitaka zaidi anunue tairi peke yake, ijapokuwa tairi hizo huvuma kwenye lami na huongeza ulaji wa petroli.