Hadithi ya swala na swali la mtoto



Mbali na habari za redio, ninaandika michezo ya kuigiza ya kanisa, vijitabu vya imani, na hadithi za watoto zenye wanyama wanaosema. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza: «Mwanangu, Mkristo anaandika uongo?» Nikamfungulia Waamuzi sura ya 9, pale Yothamu anaposimulia miti iliyotafuta mfalme. Mzee akacheka.

Lakini swali la mtoto lilinishinda. Nilikuwa nimewasomea watoto hadithi ya swala aliyekimbia moto, kisha akarudi, akakuta pori lake zima. Msichana mmoja aliyekimbia vita akasema: «Yaya, kwetu kuliungua kote. Sasa huyu swala ni wa wapi?»

Nilikosa jibu.

Usiku nikamkumbuka C. S. Lewis, aliyefundisha imani kwenye redio ya BBC wakati wa vita. Alifiwa na mama yake mwaka 1908, akiwa na miaka 9. Katika kitabu chake cha Narnia cha mwaka 1955, mama mgonjwa anapona. Ila kabla ya kupona, simba Aslan analia pamoja na mtoto.

Mimi nilikuwa nimeyaruka machozi.

Nimeiandika upya. Swala anakuta majivu, na kobe mzee anaketi naye mpaka asubuhi. Nitamsomea yule msichana kwanza. Akikataa, nitaandika tena.